Kompyuta Mpya na Daftari la Pamoja

Siku hizi ofisi nyingi za Morogoro, kubwa na ndogo, huandika kazi zake kwa kompyuta. Lakini mara nyingi kompyuta mpya inapoletwa ofisini hukataa kufungua mafaili yanayotumiwa na watu wote, na kazi husimama. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu kwa nini jambo hili hutokea, na namna ya kulitafutia dawa bila kuleta hasara.

Faili la pamoja ni kama daftari moja ambalo makarani wote huandika humo. Daftari lenyewe hukaa katika kompyuta moja, na kompyuta nyingine hulifikia kwa waya au kwa hewa. Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kuombana mafaili yaitwa SMB. Ilitungwa na Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM mwaka 1983, na tangu wakati huo imebadilishwa mara kadhaa. Hapo ndipo penye asili ya taabu nyingi, maana kompyuta ya zamani na kompyuta mpya huenda zisipatane juu ya masharti ya mazungumzo.

Wakati wa likizo nilipata nafasi ya kuliona jambo hili katika chama kimoja cha akiba na mikopo, ambako baba yangu mdogo ni karani. Wanachama wake wengi ni wakulima wa mboga kutoka milima ya Uluguru. Siku hiyo baadhi yao walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja mikopo ya mbegu na mbolea, na mvua zilikuwa karibu. Kompyuta mpya ilikuwa imewekwa, lakini haikuweza kufungua daftari la wanachama. Karani mmoja alitaka kulinakili daftari lote kwa flashi ili kazi iendelee. Baba mdogo alimkataza, naye alikuwa na haki. Fikirini mwanachama mwenye deni la shilingi 300,000. Akilipa 50,000 zikaandikwa katika nakala moja tu, daftari moja litasema anadaiwa 250,000 na jingine 300,000. Baada ya juma moja hakuna ajuaye lipi ni la kweli, na mkulima ndiye atakayeumia.

Basi tulianza kuchunguza hatua kwa hatua, tukitoka kwenye jambo jepesi kwenda kwenye jambo gumu.

Kwanza, waya. Taa ndogo zilizo mahali waya unapoingia zapasa kuwaka. Zilikuwa zikiwaka.

Pili, anwani. Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina anwani ya tarakimu. Amri ya ipconfig huionyesha. Ikiwa inaanza kwa 169.254, maana yake kwa kawaida ni kwamba kompyuta haikupewa anwani na ruta, na yapasa kurudi kwenye waya au kwenye ruta yenyewe. Yetu ilianza kwa 192.168.1, sawasawa na zile nyingine.

Tatu, kuitana. Kwa amri ya ping kompyuta moja huiita nyingine na kungoja jibu. Ya zamani ilijibu. Lakini isipojibu, msikate shauri upesi, kwa kuwa huenda ulinzi wake umezuia miito ya namna hiyo. Kadhalika, jina la kompyuta lisipoonekana katika orodha, si dalili kwamba kompyuta haipo. Andikeni mistari miwili ya mshazari, \\, na kufuatisha anwani yake.

Nne, kulinganisha. Tulifungua daftari lile kwa kompyuta nyingine ya ofisi, nalo likafunguka. Kwa hiyo tulijua kwamba daftari ni zima na kompyuta inayolitunza ni nzima. Kosa lilikuwa kati yake na ile mpya.

Tano, kusoma ujumbe. Watu wengi hufunga ujumbe wa kosa kabla ya kuusoma. Wetu ulieleza wazi kwamba kanuni za usalama haziruhusu mgeni asiyejitambulisha kuingia. Kumbe miaka yote daftari lilikuwa wazi kwa ye yote aliyeunganishwa na mtandao wa ofisi, bila neno la siri! Kompyuta za zamani ziliridhika na hali hiyo. Windows 11 Pro ya toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, hairidhiki. Humkataa mgeni wa namna hiyo, na tena hudai kila ujumbe utiwe alama ya kuthibitisha kwamba haukubadilishwa njiani.

Huenda msomaji akauliza, ukali huu ni wa nini? Mwezi Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry iliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili na kudai fedha. Huko Uingereza hata hospitali zilisimamisha baadhi ya kazi. Programu hiyo ilipita katika tundu lililokuwa katika SMB ya kwanza. Ndiyo sababu Windows mpya haziji na lugha hiyo ya kale ikiwa imewashwa.

Dawa yetu ilikuwa hii. Katika kompyuta inayotunza daftari, kila karani alifanyiwa jina lake na neno lake la siri, na mlango wa wageni ukafungwa. Kisha folda ikapewa ruhusa. Hapa pana milango miwili, yaani ruhusa ya mtandao na ruhusa ya folda yenyewe, na ule ulio mkali zaidi ndio unaotawala. Katika kompyuta mpya tuliandika jina na neno la siri la kule daftari liliko. Ile namba fupi ya kufungulia kompyuta mpya haifai kwa kazi hii. Daftari likafunguka, na wakulima wakahudumiwa kabla ya saa nane.

Wako watakaowashauri kuwasha tena SMB ya kwanza, au kuruhusu wageni, kwa kuwa ni kazi ya dakika mbili. Msiwasikilize. Ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo ni mgumu. Daftari la chama lina majina, simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka kila atunzaye habari hizo azilinde. Kadhalika, kompyuta ikiwa bado ni ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitengenezea kinga kwa watu wote Januari 2020, yafaa daftari lihamishwe mapema, na nakala ya akiba itunzwe mahali pengine.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutaajiriwa katika ofisi za namna hii. Kompyuta ikikataa, tusiipige wala tusibonyeze ovyo. Tuanze na waya, tusome ujumbe, na tubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, tukiandika tulilofanya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne