Sura ya Saba: Mzee Naye ni Msafiri

Mtoto akishajipanga kumpeleka mzazi wake mstaafu ng'ambo, kwa kawaida maandalizi yote huyashika yeye. Hujaza fomu, huchagua tarehe, hukata tiketi, hununua koti la baridi, na pasipoti ya mzee huiweka kwenye mkoba wake mwenyewe. Mzee wa Nyashimo, mkoani Simiyu, huambiwa siku ya kuondoka tu, naye huitikia kwa furaha, kwa kuwa jambo lenyewe ni la heshima na mtaa mzima umeshasikia. Hoja ya sura hii ni kwamba heshima ya namna hiyo ndiyo inayoharibu safari. Mtu aliyezidi miaka 60 akisafirishwa kama furushi, atakutwa na matatizo ambayo yeye mwenyewe ndiye angeweza kuyazuia: swali la dirishani asilo na jibu lake, kidonge asichojua jina lake, gharama ambayo hakuulizwa kama anaikubali. Akisafiri kama msafiri kamili, mwenye karatasi zake, dawa zake na kauli yake, mwanawe hubakiwa na kazi nyepesi na nzuri zaidi, ya kuwa mwenzi wa njiani.

Tuanze na karatasi, maana huko mzee huhesabiwa kuwa mtu kamili hata kama nyumbani wameshaanza kumsemea. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, humtaka mwombaji mwenyewe afike Uhamiaji, apigwe picha na achukuliwe alama za vidole. Hakuna mtoto anayeweza kuweka kidole kwa niaba ya baba yake. Lakini ugumu huanza kabla ya foleni hiyo. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, na Busega, ambayo makao yake makuu ni Nyashimo, ilimegwa kutoka Magu ya Mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Nyashimo miaka ya Uhuru anaweza kuwa na vyeti vya zamani vinavyosema Magu, Mwanza, na vya sasa vinavyosema Busega, Simiyu. Hakuhama, mipaka ndiyo iliyohama. Ongeza hapo suala la majina: jina la Kisukuma kwenye cheti cha shule, la ubatizo kwenye kitambulisho cha NIDA, na herufi ambazo karani aliziandika kama alivyozisikia. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho ndicho kinachothibitisha kwamba hawa wawili ni mzazi na mwana, huenda kikawa na jina la tatu. Anayejua jina lipi lilitoka wapi na lini ni mzee mwenyewe. Akiulizwa mapema, kiapo mbele ya wakili humaliza mambo wiki hiyohiyo. Asipoulizwa, mgongano huo huonekana siku ombi la viza linaporudishwa.

Viza nayo hupimwa kwa mtu mmoja mmoja. Kanuni ya viza ya nchi za Schengen, ya mwaka 2009, inamtaka ofisa ajiridhishe kwamba mwombaji ana nia ya kuondoka kabla muda wake haujaisha. Barua ya mwaliko na mshahara wa mtoto huonyesha nani atalipa. Havionyeshi kwa nini mzee atarudi. Hapa mstaafu wa Simiyu yuko katika hali ya ajabu kidogo: anaweza kuwa na sababu nyingi za kurudi kuliko kijana yeyote, na asiwe na hata moja iliyoandikwa. Mali yake ni ng'ombe, shamba la pamba, na vyumba vya kupangisha kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Taarifa ya benki haiyajui hayo. Ofisa wa ubalozi naye hana namna ya kujua kwamba mzee wa Kisukuma mwenye zizi hawezi kulala usingizi mwema miezi sita mbali nalo. Kwa hiyo kazi ni kuyageuza maisha yake yawe maandishi: hati ya hakimiliki ya kimila kama shamba liko kijijini, ambayo hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mikataba ya pango, barua ya mtendaji, na kwa aliyekuwa mtumishi wa umma, uthibitisho wa pensheni kutoka PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Pensheni ya kila mwezi ni ushahidi mzuri, kwa sababu inalipwa huku na mpokeaji wake huhakikiwa mara kwa mara kuwa yu hai. Mzee akikaa mwenyewe akazipanga karatasi hizo, akifika dirishani atazieleza kwa maneno yake. Aliyepangiwa na mwanawe huishia kusema, "Mwanangu ndiye anajua," na jibu hilo ndilo baya kuliko yote, hata kama ni la kweli.

India inatoa mfano wa kinyume unaofundisha. Watanzania wamekwenda huko kutibiwa kwa miaka mingi, na serikali ya India ina viza maalumu ya msindikizaji wa mgonjwa, kwa ndugu wa karibu wasiozidi wawili. Katika utaratibu huo mwenye safari ni mgonjwa, na mtoto ndiye anayeingia nchini kwa sababu ya mzazi. Ingefaa safari zote za namna hii zifikiriwe hivyo, hata zile za kwenda kumwona mjukuu.

Baada ya karatasi ni mwili, na hapa watu huogopa ndege kuliko inavyostahili na hulidharau basi. Mradi wa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoa matokeo yake mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa kitini kwa saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa msafiri mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, mtu mmoja kati ya kama 6,000, lakini umri mkubwa, unene na upasuaji wa karibuni huipandisha. Kinachogandisha damu ni kutojongea. Iwe kwenye ndege, basi au gari, miguu haijui tofauti. Sasa mpigie hesabu mstaafu wa Nyashimo anayepanda basi hadi Dar es Salaam ili kuokoa nauli ya ndege ya Mwanza, akakaa kitini mchana kutwa na sehemu ya usiku, kisha kesho yake akapanda ndege ya saa nyingi nyingine. Mtoto amemnunulia soksi za kubana za kuvaa ndani ya ndege, kumbe mguu ulishavimba kabla ya kufika Morogoro. Fedha ikiwa haitoshi kila kitu, afadhali ipunguzwe kwenye zawadi na ilipie kipande cha Mwanza hadi Dar, au walau usiku wa kupumzika katikati.

Ndani ya ndege kuna jambo lingine lisiloonekana. Hewa ya humo hushindiliwa, lakini si kwa kiwango cha ardhini: inaweza kulingana na hewa ya mwinuko wa mita 2,400 hivi. Nyashimo iko jirani na Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Kwa muda wote wa safari, basi, mzee huvuta hewa ya kwenye kingo za Kreta ya Ngorongoro. Mwenye moyo na mapafu mazima hatahisi chochote zaidi ya uchovu. Mwenye moyo uliochoka, upungufu mkubwa wa damu au kifua cha muda mrefu anatakiwa aulize daktari kwanza, Bugando au hospitali nyingine yenye mtaalamu, na aulize yeye, kwa kuwa ni yeye anayejua kama akipanda ngazi anahema. Wazee wengi huwaficha watoto wao jambo hilo, wasije wakaahirishiwa safari. Mtoto anayefanya kila kitu peke yake huurahisisha uficho huo.

Dawa ndizo zinazodai ukaribu zaidi. Katika zahanati zetu vidonge mara nyingi huhesabiwa na kutiwa katika bahasha ndogo, juu yake ikaandikwa 1×2 kwa kalamu, basi. Bahasha hiyo inatosha nyumbani. Kwa ofisa wa forodha ni vidonge vyeupe visivyo na jina, na kwa daktari wa dharura huko ugenini haina msaada wowote. Dawa ya presha na ya sukari isafiri katika paketi yake ya asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na kiasi chake, ndani ya mkoba wa mkononi, kwani sanduku hupotea. Za maumivu ziangaliwe zaidi: tramadol na codeine zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na abiria wengi wa kwetu hupitia Dubai. Saa nazo zina mtego wake. Mzee anayemeza kidonge saa mbili usiku anahesabu kwa saa ya Kiswahili, na simu ya mjukuu inahesabu vingine. Ratiba iandikwe kwa namna ambayo mmezaji anaisoma. Chanjo ya homa ya manjano, pale nchi inayoendewa inapoidai, isiachwe kuwa jambo la uwanja wa ndege. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na kwa waliofikisha miaka 60 chanjo hiyo, wakichomwa kwa mara ya kwanza, ina hatari kubwa kidogo ya madhara mabaya, ingawa ni ya nadra. Uamuzi huo ni wa daktari na mzee wenyewe. Aliyewahi kuchanjwa asichomwe tena kwa sababu tu kadi ni ya zamani: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Hija ya mwaka 2024 ilionyesha kwa uchungu gharama ya mzee kutojua anasafiri kwa utaratibu gani. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 katika joto lililopita nyuzi 50, ikaeleza kwamba asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali cha hija na kwamba miongoni mwao walikuwamo wazee na wenye maradhi sugu. Asiye na kibali hana hema lenye kiyoyozi wala basi, hutembea juani. Mtoto anayemtafutia mzazi njia ya bei nafuu kwa viza ya matembezi huenda anadhani amemfanyia wema. Mzazi alistahili kuambiwa tofauti hiyo kabla fedha haijatoka, maana ibada ni yake na jua litamwakia yeye.

Na fedha? Wengi hudhani mzee hahusiki kwa kuwa hachangii. Si kweli. Mkupuo wa kustaafu, ambao kikokotoo cha Julai 2022 kiliuweka kwenye asilimia 33 kabla ya kuongezwa tena mwaka 2024, mara nyingi ndio unaochotwa "kidogo tu" kuziba pengo la tiketi. Kisha kuna bima: kadi ya NHIF ni ya hospitali za ndani ya nchi. Viza ya Schengen hudai bima isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani, mgonjwa au maiti. Lakini bima nyingi za safari hutenga maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuondoka, na kwa mtu wa miaka 70 maradhi hayo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kumlaza. Presha ikitajwa kwenye fomu, bei hupanda. Isipotajwa, bima hailipi. Mtoto anayejaza fomu bila kumuuliza mzazi hudanganya pasipo kujua. Vilevile yazungumzwe mazishi. Ni mazungumzo mazito kati ya mtoto na mzazi, na mila haiyapendi, lakini mzee anayetaka kuzikwa Nyashimo ana haki ya kujua kama karatasi aliyoitia saini inalipia jambo hilo.

Kuna watakaosema haya yote ni mambo ya kizungu: kwetu mtoto ndiye fimbo ya mzee, na kumtwisha mzazi fomu na bima ni kumkosea adabu. Pingamizi hili lina uzito, na nalikubali nusu. Mtoto ajaze fomu, abebe mizigo, asimame kwenye foleni. Lakini adabu ya Kisukuma haijawahi kuwa ya kumwamulia mzee. Katika mji, neno la mwisho ni lake, na wadogo ndio hukimbia huku na huku kulitekeleza. Utaratibu mpya, ambao kijana mwenye simu janja huamua na mzee hufuata, ndio uliokuja juzi. Wengine watasema mama hajui kusoma, wala Kiingereza hakijui. Asiyesoma anaweza kusomewa, na mtu aliyelima pamba na kuuza kwa mizani maisha yake yote haelemewi na swali la nani atalipa nini. Wapo pia watakaosema fedha hiyo ingenunua ng'ombe au kumalizia nyumba. Pengine. Hiyo ni hoja ya kupelekwa kwa mwenyewe, naye anaweza kuchagua ng'ombe.

Ukaidi wa mzee nao upo. Viwanja vya ndege vya Ulaya vinalazimika kumsaidia bure abiria mwenye shida ya kutembea, kwa kiti cha magurudumu, mradi taarifa itolewe saa 48 kabla; na wazee wengi hukikataa kiti hicho kwa kuona haya, halafu wakatembea kilomita nzima ya korido wakiwa na goti bovu. Mtoto amweleze mapema, nyumbani, pasipo watu, kwamba kiti hicho ni sehemu ya huduma ya ndege kama chakula kilivyo. Asimshtukize nacho mlangoni mwa ndege mbele ya abiria.

Basi, kabla ya kukata tiketi, mtoto akae na mzazi wake siku nzima, karatasi, dawa na gharama vikiwa mezani, na amwachie aulize mpaka amalize. Mzazi akishayajua yote na bado akasema haendi, tiketi isikatwe.