Je, Wajua? Punje Zinazoshika Mkojo wa Mgonjwa Asiyenyanyuka

Chana pampasi mpya ya mtu mzima juu ya gazeti, uikung'ute vizuri, na chini ya ile inayoonekana kama pamba utakuta punje nyeupe, ndogo na ngumu. Zikusanye kwenye bakuli, ongeza kikombe cha maji na usubiri dakika moja. Maji hayatamwagika tena hata ukiinamisha bakuli, kwani yamegeuka jeli. Sasa nyunyiza chumvi ya kupikia, ukoroge. Jeli italegea na maji yataanza kutoka.

Jaribio hilo, ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya jikoni, linaonyesha nguvu ya punje hizo na udhaifu wake. Wataalamu huziita poliakrileti ya sodiamu. Ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, iliyofungwa pamoja hapa na pale kama wavu. Minyororo hiyo ina chaji hasi, na kando yake zimekaa ioni za sodiamu ambazo haziwezi kuondoka. Maji yakifika nje ya punje huvutwa ndani kwenda kuizimua sodiamu hiyo. Chaji hasi nazo husukumana, wavu unatanuka, na maji zaidi yanaingia. Vifundo vya wavu ndivyo vinavyozuia punje isiyeyuke na kupotea. Katika maji yasiyo na chumvi kabisa, gramu moja inaweza kumeza mamia ya gramu za maji. Lakini nje kukiwa na chumvi nyingi, mvuto huo hupungua. Mkojo una chumvi, kwa hiyo gramu ile ile hushika mkojo wa gramu 30 hadi 50 hivi. Si haba, ukikumbuka kwamba mtu mzima hutoa mkojo wa lita moja na nusu hivi kwa siku, na mgonjwa aliyepigwa na kiharusi huutoa wote akiwa mahali pamoja.

Asili ya wazo hili ni shambani. Katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, wizara ya kilimo ya Marekani ina maabara iliyojengwa kutafuta matumizi mapya ya mahindi na mazao mengine. Hapo ndipo, wakati wa vita vya pili vya dunia, watafiti walipopata njia ya kuzalisha penisilini kwa wingi wakitumia maji ya kulowekea mahindi. Miaka mingi baadaye, George Fanta, William Doane na wenzao katika maabara hiyo hiyo waliunganisha wanga wa mahindi na kemikali ya akrilonitrili, wakapata kitu kinachonywa maji mara mamia ya uzito wake. Hataza yao ilitolewa mwaka 1976. Walichofikiria ni udongo mkavu na mbegu zinazohitaji unyevu ili ziote. Wajapani ndio waliokipeleka kwenye mwili wa binadamu: mwaka 1978 kampuni ya Sanyo Chemical ya Kyoto ilianza kuzalisha punje za namna hiyo kibiashara, zikatiwa kwenye pedi za wanawake, kisha kwenye nepi. Japani, ambako wazee wamekuwa wengi kuliko watoto wachanga, kampuni ya Oji Holdings ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la nchi hiyo na kuelekeza nguvu kwenye za watu wazima.

Mtoto na mgonjwa hawafanani, na hili wauzaji wengi wa pampasi hawalisemi. Mtoto anajigeuza, anakaa, anatambaa. Mgonjwa amelala chali, na uzito wa kiuno chake wote unaikandamiza pampasi kwenye godoro. Nyuzi zinazoonekana kama pamba, ambazo kwa kweli hutoka kwenye mbao za misonobari, zikikandamizwa hivyo hurudisha maji kwenye ngozi. Punje zilizojaa hukataa kuyarudisha. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: punje za awali zilivimba, zikashikana na kuziba njia, mkojo uliofuata ukakosa pa kupita ukavujia pembeni. Dawa yake ikawa kuongeza vifundo kwenye uso wa kila punje, ili nje iwe ngumu kuliko ndani na nafasi kati ya punje zibaki wazi hata chini ya mzigo. Kingine ni kwamba mkojo wa mtu aliyelala chali haukai mbele, unateremka kuelekea mgongoni, na ndiyo sababu pampasi nzuri ya mgonjwa huwekewa punje hadi nyuma kabisa.

Karatasi laini ya plastiki ya upande wa nje nayo ina ufundi wake. Katika pampasi bora, plastiki hiyo huchanganywa na unga wa chokaa, kisha huvutwa mpaka kila chembe ya chokaa iachie tundu dogo kandokando yake. Matundu hayo hupitisha mvuke wa jasho na kuyazuia maji. Na ule mstari wa njano unaogeuka bluu ni rangi inayobadilika inapoguswa na mkojo. Husaidia sana usiku, kwa kuwa anayemhudumia mgonjwa anaona hali bila kumfunua.

Lakini kipimo cha pampasi si wingi wa maji inayobeba. Kipimo ni ngozi iliyo chini yake, na hapa naomba msomaji anayemuuguza mtu nyumbani atulie kidogo.

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. Kwa kipimo cha pH iko kati ya 4 na 6, na uchachu huo huwazuia bakteria na kulifanya tabaka la juu lishikamane. Mkojo una yurea. Ukikutana na bakteria wa kinyesi, vimeng'enya vyao huivunja yurea hiyo na kutoa amonia, ile harufu kali inayowasha macho asubuhi. Amonia huondoa uchachu wa ngozi. Uchachu ukiondoka, vimeng'enya vya kinyesi chenyewe, vilivyokuwa vikimeng'enya protini na mafuta ya chakula tumboni, hupata hali vinayoipenda na kuanza kuila ngozi. Kwa hiyo mkojo peke yake una madhara yake, kinyesi kina yake, lakini vikikutana madhara huzidi sana. Mgonjwa anayeharisha ndiye aliye hatarini zaidi, maana choo chake kimepita haraka na vimeng'enya vingali na nguvu.

Punje hufanya kazi ya pili hapa, na nadhani ndiyo iliyo kubwa. Pamoja na kuondoa maji juu ya ngozi, polima ile bado ina sehemu yake yenye asidi, na asidi hiyo huzuia pH isipande haraka. Isichoweza kufanya ni kunyonya kinyesi. Pampasi yenye kinyesi inatakiwa kubadilishwa wakati huo huo, hata kama ni kavu na imevaliwa sasa hivi. Najua bei yake. Najua familia zinazoamua kwamba moja ivaliwe tangu jioni mpaka asubuhi, na zile zinazovalisha mbili kwa pamoja zikitumaini kwamba ya nje itasaidia ya ndani. Haisaidii, kwa sababu plastiki ya ile ya ndani imeufunga mkojo usivuke, na kinachoongezeka ni joto tu. Kama fedha ni chache, afadhali kitambaa cha pamba juu ya mpira wa kutandika, kibadilishwe kila kikilowa, kuliko pampasi ya gharama inayokaa na kinyesi saa sita.

Unapomsafisha mgonjwa, sabuni ya kufulia huongeza tatizo lile lile la amonia, kwa kuwa nayo haina uchachu: pH yake hufika 9 au 10. Maji ya uvuguvugu yanatosha mara nyingi. Kausha ngozi kwa kugusagusa, usisugue, kisha paka mafuta ya mgando au krimu yenye zinki kwa tabaka jembamba. Ukipaka mengi, yanaziba uso wa pampasi na mkojo hauingii ndani. Na pampasi hata iwe bora vipi haizuii vidonda vya kulalia vinavyotokana na mfupa kuikandamiza nyama. Hivyo huzuiwa kwa kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, kwa kawaida kila saa mbili, au kama muuguzi alivyoelekeza.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye nadhani tunamkosea. Miguu haimbebi, lakini anajua haja inapombana na anaweza kusema. Tunamvalisha pampasi kwa sababu inarahisisha kazi yetu, tunamwambia ajisaidie humo humo, na baada ya majuma machache hata ule uwezo wa kujizuia aliokuwa nao unapungua. Wengine huwekewa mpira wa mkojo bila sababu ya kitabibu, na kila siku mpira ukiwa ndani hatari ya maambukizi inaongezeka. Mtu huyu anahitaji bedipani, kile chombo bapa kinachoingizwa chini ya makalio.

Bedipani ya chuma au plastiki ina tatizo moja la zamani, nalo ni usafi. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitaka vyombo vya haja visivyo na mfuniko vipigwe marufuku kabisa. Leo hospitali zenye uwezo husafisha bedipani kwa mashine ya maji moto, kipimo cha chini kikiwa nyuzi 80 kwa dakika moja. Joto hilo huua bakteria wengi, ila spora za bakteria aitwaye Clostridioides difficile, anayeleta kuharisha kubaya kwa wagonjwa waliotumia antibiotiki, hulistahimili. Hustahimili hata kileo cha kusafishia mikono. Pasipo na mashine, chombo husuuzwa na kulowekwa kwenye klorini, na usalama wa mgonjwa anayefuata unategemea mtu mmoja aliyechoka mwisho wa zamu.

Waingereza walilitatua tatizo hilo la usafi kwa karatasi. Tangu miaka ya 1960 hospitali zao nyingi hutumia bedipani zinazotupwa baada ya mgonjwa mmoja kuzitumia mara moja. Hutengenezwa kwa magazeti ambayo hayakuuzwa. Yanalowekwa na kuvurugwa mpaka yawe uji, uji unavutwa kwenye kalibu yenye matundu, maji yanachuja, kinachobaki kinakaushwa. Nta kidogo iliyotiwa ndani ya uji huifanya karatasi ihimili mkojo kwa saa kadhaa bila kulegea. Chini yake huwekwa kitako kigumu cha plastiki ili kibebe uzito wa mwili. Ikishatumika, inaingizwa na vilivyomo kwenye mashine yenye visu na maji baridi, inasagwa kwa muda wa dakika mbili hivi, na yote yanakwenda kwenye bomba la maji taka. Hakuna wa kusugua. Mashine hiyo inahitaji umeme, maji mengi na mabomba mapana, na kitambaa au glavu ikitumbukia humo kwa bahati mbaya, imekwama.

Nyumba nyingi za kwetu hazina bomba hilo, zina choo cha shimo, na pampasi ni adui wa choo cha shimo. Punje zilizovimba na plastiki haziozi upesi, shimo linajaa kabla ya wakati, na mpira wa gari la kunyonya maji taka unaziba. Kuichoma pampasi uani kunawapa moshi wa plastiki walio ndani, akiwamo mgonjwa mwenyewe. Njia yenye nafuu ni kumwaga kinyesi chooni kwanza, kuikunja, kuifunga kwenye mfuko na kuipeleka na takataka za mji. Inawezekana kwenda mbali zaidi: huko Shibushi, kusini mwa Japani, pampasi zilizotumika hukusanywa peke yake, na kampuni ya Unicharm huzitenganisha na kuua vijidudu vilivyo kwenye nyuzi zake kwa gesi ya ozoni ili nyuzi hizo zitumike tena.

Amonia ile ile inayoidhuru ngozi imewahi kupewa kazi nzuri Nairobi. Msanifu majengo wa Sweden, Anders Wilhelmson, alibuni mfuko wa haja unaooza, uitwao Peepoo, ukasambazwa Kibera kwa watu wasio na choo karibu. Ndani una unga wa yurea. Kinyesi kikiingia, vimeng'enya huivunja yurea, amonia inajaa kwenye mfuko uliofungwa, na ndani ya wiki chache vijidudu hatari vimekufa. Kinachobaki ni mbolea. Ulikusudiwa watu wenye afya zao, lakini kikemia hakuna kinachoukataza kuwekwa ndani ya bedipani.

Na ile bedipani ya karatasi, ufundi wake tayari tunao. Trei za mayai zinazouzwa sokoni Dar es Salaam na Nairobi hutengenezwa namna hiyo hiyo: karatasi taka, uji, kalibu yenye matundu, kikausho. Kinachotofautiana ni umbo la kalibu, unene, na ile nta kidogo. Karatasi ikitupwa kwenye choo cha shimo inaoza, jambo ambalo pampasi haiwezi. Natamani mwenye kiwanda cha trei na muuguzi mmoja wa wodi ya wanaume, wanakoletwa waliovunjika mapaja kwa ajali za bodaboda, wakae meza moja wachore kalibu hiyo. Majeruhi hao huning'inizwa mguu kwa uzito majuma mengi, akili zao timamu, haja wanazijua, na wanachoombea kila asubuhi ni chombo safi.