Swali la Mgonjwa ni Sehemu ya Tiba: Makosa ya Tiba, Usalama wa Dawa na Haki Kisheria

Mgonjwa aishiye kata ya Old Korogwe, katika Mji wa Korogwe, hupita mikono mingi kabla ya kumeza kidonge kimoja. Karani humwandikisha, muuguzi humpima uzito na shinikizo la damu, tabibu humsikiliza, mtaalamu wa maabara humtoa damu, kisha mtoa dawa humkabidhi bahasha dirishani. Ugonjwa ukizidi, hupelekwa Hospitali ya Magunga. Ukihitaji utaalamu zaidi, hupewa rufaa kwenda Bombo, jijini Tanga, au Muhimbili, Dar es Salaam. Katika safari hiyo watoa huduma hubadilika kila hatua. Asiyebadilika ni mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi yeye pekee ndiye aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho.

Makala hii inaeleza jinsi makosa ya tiba yanavyotokea, hasa katika matumizi ya dawa, na haki alizonazo mgonjwa kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara. Inawahusu wagonjwa na watoa huduma kwa pamoja, kwa kuwa kosa moja huwaumiza wote wawili: mmoja mwilini, mwingine katika taaluma na dhamiri yake.

Maana ya kosa la tiba

Mambo matatu huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni maudhi ya dawa, yaani athari isiyotakiwa inayoweza kutokea hata dawa sahihi ikitolewa kwa kipimo sahihi. La pili ni kosa la tiba, ambalo ni kutenda jambo lisilokusudiwa au kuacha jambo lililopaswa kutendwa: kuandika dozi ya mtu mzima kwa mtoto, au kutouliza kama mgonjwa ana mzio. La tatu ni uzembe, ambao ni neno la kisheria na tutalifafanua mbele.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mgonjwa anayepata vipele baada ya kumeza dawa ambayo hajawahi kuitumia huenda amepata maudhi ambayo hakuna aliyeweza kuyatabiri. Lakini ikiwa alikwisha kusema kwamba dawa hiyo ilimdhuru mwaka uliopita, na maelezo yake hayakuandikwa katika jalada, hapo pana kosa lililoweza kuzuilika.

Wagonjwa wawili, jina moja

Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishwa. Mmoja alihitaji upasuaji wa goti, mwingine upasuaji wa kichwa. Mwenye goti alifunguliwa fuvu. Mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki dunia siku chache baadaye. Taifa zima lilishtuka, na tukio hilo hutajwa hadi leo kila usalama wa mgonjwa unapozungumzwa nchini.

Ni rahisi kulitazama tukio kama hilo na kumtafuta mtu mmoja wa kulaumiwa. Hata hivyo, kabla kisu hakijagusa ngozi, mgonjwa huwa ameshapita wodini, njiani, mlangoni mwa chumba cha upasuaji na mikononi mwa mtaalamu wa usingizi. Katika kila kituo kuna nafasi ya kuuliza: huyu ni nani, na amekuja kufanyiwa nini? Mgonjwa asiyemlengwa akifika mezani, maana yake ni kwamba swali hilo halikuulizwa ipasavyo mahali zaidi ya pamoja.

Dawa ya tatizo hili inafahamika, na Tanzania ilichangia kuithibitisha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ambayo hulazimisha timu kusimama na kutamka kwa sauti jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na sehemu itakayopasuliwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Badiliko hilo halikutokana na mashine mpya, bali na karatasi moja pamoja na nidhamu ya kuuliza.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Muuguzi akisema, “Mama, wewe ndiye Asha?” mgonjwa mwenye maumivu, hofu au usikivu hafifu huitika tu kwa heshima. Swali salama ni, “Mama, naomba unitajie majina yako yote matatu.”

Kosa linapogeuka mazoea

Makosa mengine hayashtui, kwa sababu yamezoeleka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukanda ambao Korogwe imo. Wagonjwa 4,474 walikuwa na dalili za ugonjwa mkali na walitibiwa malaria. Damu zao zilipochunguzwa kwa umakini, wenye vimelea vya malaria kali walikuwa 2,062 tu, sawa na asilimia 46.1.

Kilichofuata ndicho kinachohuzunisha zaidi. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na vimelea, takriban theluthi moja hawakupewa antibiotiki, ingawa huenda walikuwa na nimonia, homa ya uti wa mgongo au maambukizi ya damu. Waliofariki katika kundi hilo walikuwa asilimia 12.1, ilhali kati ya wenye malaria waliofariki walikuwa asilimia 6.9. Hatari kubwa ilikuwa kwa mgonjwa ambaye jina la ugonjwa lilikwisha kuandikwa, na hakuna aliyerudi kuuliza kama jina hilo ni la kweli.

Leo kipimo cha haraka cha malaria kimefika hadi zahanati. Hata hivyo kipimo hakina faida kikisema hakuna malaria, kisha dawa ya malaria ikatolewa vilevile. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa majibu ya kipimo chake, na ya kuuliza: “Kama si malaria, homa hii inatokana na nini?”

Safari ya dawa na mahali inapopotea

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Lilikadiria kuwa makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 za Marekani kila mwaka. Kampeni hiyo ilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa kwanza: dawa na mazingira yenye hatari kubwa, matumizi ya dawa nyingi kwa wakati mmoja, na kuhama kwa mgonjwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Yote matatu tunayakuta katika vituo vyetu.

Katika uandishi, herufi moja yaweza kuua. Uniti 10 za insulini zikiandikwa kwa kifupisho cha “10U” kwa mwandiko wa haraka, husomeka kama 100. Nusu miligramu ikiandikwa “.5” bila sifuri mbele, nukta hupotea na mgonjwa akapewa mara 10 ya dozi. Neno “uniti” liandikwe kamili, na nukta itanguliwe na sifuri daima. Dozi ya mtoto ihesabiwe kwa uzito uliopimwa siku hiyo, si kwa umri uliokisiwa.

Katika dawa nyingi, tuseme mzee wa kike ana shinikizo la damu na kisukari. Hospitali imempa dawa zake za kila siku. Magoti yakimuuma, mjukuu humnunulia diklofenaki dukani. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya dawa nyingi za shinikizo la damu, huweza kuumiza figo na kusababisha vidonda vya tumbo. Juma linalofuata, zahanati inampa diklofenaki ileile yenye jina tofauti la kibiashara, naye anameza zote mbili akidhani ni dawa mbalimbali. Hakuna aliyemkusudia mabaya, lakini hakuna aliyeiona orodha nzima. Orodha hiyo ijumuishe dawa za mitishamba, na mtoa huduma aziulizie bila kebehi, kwa kuwa mgonjwa akikemewa mara moja hufunga mdomo moja kwa moja.

Katika kuhama, barua ya rufaa isiyotaja dawa zilizokwisha kutolewa, saa zilipotolewa na mzio wa mgonjwa ni barua pungufu. Dawa ya sindano iliyotolewa Magunga saa 4 asubuhi yaweza kurudiwa Bombo saa 8 mchana kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka dirishani, mgonjwa aulize mambo matano: dawa hii inaitwaje, inatibu nini, niitumie kiasi gani na kwa siku ngapi, nijihadhari na nini, pamoja na vyakula na dawa nyingine, na nikiona dalili gani nirudi haraka. Kusema, “Samahani daktari, naomba unieleweshe,” si utovu wa adabu. Asiyejua kusoma aombe aelezwe kwa mdomo, kisha arudie mwenyewe alichoelewa.

Dawa ikileta madhara, yatolewe taarifa. Mtoa huduma hujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Mgonjwa naye anaweza kutoa taarifa kupitia kituo alichotibiwa au kwa mamlaka hiyo moja kwa moja. Fomu hiyo si ya mashtaka. Ni njia ya kugundua dawa mbovu au athari mpya kabla watu wengine hawajaumia. Kopo au pakiti ya dawa itunzwe, maana namba ya toleo iliyoandikwa juu yake ndiyo inayowezesha kuifuatilia.

Sheria inasemaje?

Si kila matokeo mabaya ni uzembe. Anayedai fidia mahakamani hupaswa kuthibitisha mambo manne: kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu wa kumhudumia, kwamba alishuka chini ya kiwango ambacho mtaalamu makini wa ngazi yake angekizingatia, kwamba mgonjwa alidhurika, na kwamba madhara hayo yalitokana na upungufu huo, si na ugonjwa wenyewe.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina lengo lake.

Njia ya kwanza ni malalamiko kwa kituo chenyewe, kupitia mganga mfawidhi, kisha kwa mganga mkuu wa halmashauri. Malalamiko yaandikwe, na mlalamikaji abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Ya pili ni mabaraza ya taaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2010. Na Baraza la Famasi liko chini ya sheria ya mwaka 2011. Vyombo hivi huchunguza mwenendo wa mtaalamu na vinaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta katika daftari la usajili. Kazi yao ni kuilinda jamii. Anayetaka fidia afuate njia ya mahakama.

Ya tatu ni shauri la madai. Hapa muda ni jambo la kufa na kupona kwa kesi: Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 3 kwa madai ya aina hii. Ikiwa hospitali ni ya umma, ni lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ya nne ni jinai. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa mtu anayetibu au kutoa dawa kwa pupa au uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha. Njia hii ni ya makosa mazito, na haifai kutumiwa kama fimbo ya kutishia kila kituo.

Kabla ya njia yoyote, mgonjwa anahitaji kumbukumbu zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtambua mtu kuwa na haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu, na taarifa za afya zimo humo. Ombi liwe la maandishi. Jalada lisifutwe wala kuandikwa upya baada ya tukio. Marekebisho yoyote yawekwe tarehe na saini.

Wajibu wa mtoa huduma baada ya kosa

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa lililofichwa hufanana na maradhi hayo: hurudi kwa mgonjwa mwingine. Kosa likigundulika, mgonjwa ahudumiwe kwanza, kisha aelezwe ukweli yeye au ndugu zake kwa lugha nyepesi na kwa unyenyekevu: nini kimetokea, nini kinafanyika sasa, na nini kitafanyika ili lisijirudie. Familia nyingi hukasirishwa na ukimya na milango iliyofungwa kuliko kosa lenyewe.

Viongozi wa vituo nao wana sehemu yao. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, au dawa mbili zenye chupa zinazofanana zikipangwa rafu moja, kosa limeshaandaliwa kabla mtu hajakosea. Muuguzi mdogo akimwambia daktari bingwa, “Daktari, dozi hii naiona kubwa,” ashukuriwe mbele ya wenzake, hata ikionekana baadaye kwamba dozi ilikuwa sawa. Akikemewa siku hiyo, siku nyingine hatasema, na siku hiyo huenda ndiyo dozi isiyo sawa.

Mgonjwa akienda kliniki juma lijalo, abebe dawa zote zilizomo nyumbani katika mfuko mmoja, pamoja na kadi na vyeti vya zamani. Mtoa huduma naye azipange mezani, azisome moja moja pamoja na mwenye nazo, na aandike orodha hiyo jaladani kabla ya kuongeza dawa mpya. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, na inaweza kufanyika hata katika zahanati isiyo na umeme.