Kuutambua Mmea kwa Umbo na Muundo Wake

Mvua zianzapo, katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mimea midogo huchipua kwa wingi kando ya mashamba ya maharage na mihogo. Mtoto wa Kiha huja shuleni akiwa anaijua mingi kwa jina, maana hutumwa nyumbani kuchuma mboga. Kazi ya mwalimu, basi, si kumwongezea majina tu, bali ni kumzoeza kueleza ni kwa alama zipi anautambua mmea.

Kosa la kawaida ni kutegemea jani peke yake. Tutazame mnavu na mnanaha. Yote miwili ni ya jamii moja ya mimea, na ingali michanga majani yake yaweza kumdanganya mchumaji mwenye haraka. Mnavu ni mboga. Mnanaha una sumu katika kila sehemu yake. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu zaidi ya 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula chakula cha msaada kilichochanganyika na sumu ya mmea huo.

Tofauti hudhihirika katika ua na tunda. Ua la mnavu ni dogo, jeupe, lenye petali 5 mfano wa nyota; tunda lake ni la mviringo, laini, lenye majimaji. Ua la mnanaha ni kubwa na refu kama tarumbeta. Tunda lake lina miiba, nalo likikauka hupasuka.

Hata hivyo, alama moja haitoshi. Kivumbasi kina shina la pembe nne, majani yaelekeanayo mawili mawili, na harufu kali. Lantana nayo ina alama hizo zote tatu. Lakini lantana huzaa vitunda vyenye nyama, viivavyo kuwa vyeusi, ilhali kivumbasi huzaa mbegu ndogo kavu ndani ya kikombe cha ua.

Katika somo, wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu wanne au watano. Kipe kila kikundi mmea mmoja usio na sumu, wenye mizizi, ua na tunda. Uliza kwa utaratibu: Shina lina umbo gani? Majani yamepangwaje? Ukingo wake ni laini au una meno? Ua lina petali ngapi? Tunda ni kavu au lina majimaji? Wachore kila sehemu. Jina la Kiha, kisha la Kiswahili, liwe la mwisho kuulizwa.

Mnanaha waonyeshe wewe mwenyewe, mahali uotapo. Asionje mtu chochote, na mikono inawiwe. Mtoto aliyejifunza kutazama ua na tunda kabla ya kuchuma amepata elimu itakayoilinda nyumba yake nzima.