Tumtambue mdiria kabla ya kumrushia jiwe

Ndugu wanachama, sisi wenye mabwawa ya samaki tunamjua yule ndege mdogo wa buluu anayepita juu ya maji kama mshale. Wengine wanamwita mwizi na kumrushia mawe, tena kuna wanaowaza kutia sumu. Tumtazame kwanza.

Ni mdiria mwenye kishungi. Kwa Kifaransa, martin-pêcheur huppé. Urefu wake ni sentimita 13 hivi. Mgongo ni buluu ya kung'aa, tumbo ni rangi ya machungwa, koo ni jeupe. Mdomo wa mkubwa ni mwekundu, wa kinda ni mweusi. Angalieni sana-sana kichwa: buluu yake inashuka mpaka kwenye jicho. Kuna mdiria mwingine, mdogo zaidi, anayekula wadudu vichakani. Huyo ana mstari wa machungwa juu ya jicho.

Namna ya kumpiga picha kwa simu:

- Simika kijiti kando ya bwawa. Anapendaka kurudi palepale.
- Kaa kimya asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Zima sauti na taa ya simu.
- Piga picha nyingi za ubavu, kichwa na mdomo vionekane. Andika tarehe na mahali.
- Usikaribie tundu lake kwenye ukingo wa udongo. Humo ndimo anataga.
- Usitoe simu karibu na bariera, daraja au kambi. Picha ya ndege haina thamani ya kukuletea matatizo.

Je, anaiba? Anakula samaki wadogo, viluwiluwi na wadudu wa majini. Tilapia aliyekomaa hawezi kummeza. Kwa hiyo tulinde bwawa la vifaranga tu: tufunike kwa wavu uliovutwa vizuri, ndege asinaswe.

Sumu haichagui. Inaua samaki wetu kwanza, kisha inashuka na maji. Mto Lowa unatoka vilima vya Masisi na kupita Walikale. Kinachomwagwa juu, mtoto wa chini anakinywa.

Mdiria anawinda kwa macho, anahitaji maji maangavu yenye samaki. Akitoweka kwenye bwawa lako, usifurahi haraka. Panda juu ya kijito, uulize ni nini kimemwagwa huko.