Mbwa wa Kienyeji wa Usukuma: Kumlea na Kumzalisha

Mbwa wa kienyeji anayelala mlangoni mwa zizi Kishapu, au kandokando ya maduara (mashimo) ya dhahabu Nyarugusu na Rwamagasa, ni mbwa wa umbo la wastani, mwembamba, mwenye miguu mirefu na manyoya mafupi. Wengi humwita mbwa koko, jina lisilomtendea haki. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mbwa wa vijijini nchini Uganda, kwa sehemu kubwa, wana ukoo wao wa Kiafrika na si machotara wa mbwa wa Ulaya.

Anachokosa ni kuchaguliwa. Teria wa Uingereza wametokana na uteuzi wa wazazi, kizazi baada ya kizazi. John Russell, kasisi wa Devon, alianza na jike mmoja aliyemnunua mwaka 1819, na mbwa wenye jina lake wameenea duniani. Nairobi ipo East Africa Kennel Club, inayoandikisha mbwa wenye ukoo na kuandaa maonyesho. Kanda ya Ziwa ina viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi, Bariadi, ambako mifugo huonyeshwa. Mlinzi wa mifugo hiyo naye anastahili nafasi.

Uzalishaji mzuri huanza na tabia. Anayefaa kuzaa ni yule anayebweka usiku lakini huvumilia watoto mchana. Anayeuma watu wa nyumbani ahasiwe, hata akiwa mzuri kiasi gani. Jike huingia kwenye joto karibu kila miezi sita. Lile la kwanza lipite bila kupandishwa, na dume asiwe kaka wala baba yake. Mimba huchukua siku 63 hivi, na watoto wasitolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Anayezalisha bila kujua watoto watakwenda kwa nani anaongeza mbwa wa jalalani.

Ugali na dagaa humtosha mbwa mzima wa kijijini, mradi apate na maji safi. Matumbo mabichi yenye malengelenge kutoka machinjioni asipewe kabisa: humtia minyoo ambayo mayai yake humrudia binadamu. Kwenye machimbo hatari ni nyingine. Mabwawa ya mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, hubeba zebaki, na ya kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, hubeba sayanaidi. Mbwa mwenye kiu hatofautishi, hivyo uzio ni lazima. Maeneo yenye mbung'o, jicho likianza kuwa na ukungu wa bluu, huenda ni ugonjwa wa ndorobo, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachodai uangalifu kuliko yote. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka, na maambukizi hukatika asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa. Kampeni nyingi hukwama kwenye jambo dogo: mbwa asiyewahi kufungwa kamba hujirusha na kujinyonga mbele ya sindano, mtoto aliyemleta akaogopa na kumwachia. Dawa yake ni kumzoesha kamba tangu akiwa mdogo, dakika chache kila siku, akishikwa mdomo, masikio na miguu bila kupigwa. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuanza sindano bila kusubiri kuona mbwa ataishiaje.