Kidani Kisichofungua Mlango

Mwaka 2011 kampuni ya Kijapani iitwayo FromSoftware ilitoa mchezo wa video unaoitwa Dark Souls. Kabla ya kuianza safari, mchezaji huchagua zawadi moja ya kwenda nayo. Upo ufunguo unaofungua milango mingi. Yapo mabomu ya kujihami. Ipo dawa ya kuponya majeraha. Na miongoni mwa vitu hivyo kimo kidani kidogo, ambacho maelezo yake yanakiri waziwazi kwamba hakifanyi kazi yoyote.

Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza utengenezaji wa mchezo huo, aliulizwa katika mahojiano angechagua zawadi gani. Akajibu kwamba angechukua kidani, au asingechukua kitu. Jibu hilo fupi lilitosha kuwakosesha watu usingizi. Ikiwa mwenye mchezo mwenyewe anakitaka kidani, walisema, basi haikosi ipo siri. Wakakibeba kila mahali: mbele ya kila mlango uliofungwa, penye kila kaburi, miguuni pa kila kiumbe anayesema. Zikaandikwa kurasa kwa kurasa za dhana. Mwaka 2012 Miyazaki alikiri kwamba kidani kile hakikuwa na siri yoyote. Alikuwa amefanya mzaha.

Ndugu mzazi, tumeanza na kisa hiki kwa sababu huenda nyumbani kwako yupo kijana anayezungumza mambo usiyoyaelewa. Anataja wafalme walioanguka, majoka na mwana wa mfalme aliyefutwa katika historia. Ukimuuliza kama anacheza, anakujibu kwamba hachezi, anatafiti. Ni rahisi kumpuuza, na ni rahisi vilevile kumgombeza. Lakini kabla ya yote hayo, inafaa tujue hasa anafanya nini, kwani ndani ya jambo hilo mna manufaa, na mna hatari ambayo haimo katika mapanga na damu peke yake.

Hekaya iliyotawanywa

Hadithi nyingi humshika msomaji mkono, zikampeleka kutoka mwanzo hadi mwisho. Dark Souls haifanyi hivyo. Mwanzoni mchezaji huoneshwa masimulizi mafupi: palikuwa na dunia ya ukungu iliyotawaliwa na majoka yasiyokufa, ukazuka moto, na ndani ya moto huo wachache wakapata nguvu. Mmoja wao, Gwyn, akayashinda majoka kwa radi, akaasisi enzi yake. Kisha moto ukaanza kufifia. Baada ya hapo mchezaji huachwa peke yake katika magofu ya enzi hiyo, bila msimulizi.

Hadithi iliyobaki imetawanywa. Kila pete, kila upanga na kila vazi lina maelezo ya mistari michache. Moja humtaja askari fulani, jingine humtaja bibi aliyemlilia askari huyo. Sanamu iliyovunjika ni ushahidi. Maiti iliyolala mahali isipotarajiwa ni ushahidi pia. Mtu anaweza kuumaliza mchezo mzima bila kujua alikuwa akipigana na nani, wala kwa nini.

Mtindo huu una asili yake. Miyazaki alizaliwa katika mji wa Shizuoka, katika familia isiyo na uwezo, ambayo haikumudu kumnunulia vitabu. Aliazima vitabu katika maktaba, vikiwemo vya Kiingereza ambavyo hakuvielewa vyote. Alipofika penye maneno yaliyomshinda, aliliziba pengo kwa mawazo yake mwenyewe. Ameeleza kwamba alipokuja kutengeneza michezo alitaka mchezaji naye aione hali ile ya kuelewa nusu na kuikamilisha nusu nyingine. Mapengo yaliyomo katika hadithi zake, kwa hiyo, si uzembe. Yamewekwa makusudi.

Kifungua mimba aliyefutwa

Tuchukue mfano mmoja tuone vijana hawa wanavyofanya kazi. Katika Dark Souls ipo pete inayosemwa kuwa ni ya mwana wa kwanza wa Gwyn. Maelezo yake yanadokeza kwamba kijana huyo alikuwa bwana wa vita, akafanya upumbavu fulani, akavuliwa cheo chake, na jina lake likafutwa katika kumbukumbu. Hakuna anayemtaja kwa jina. Hakuna anayesema alikwenda wapi.

Mashabiki wakaanza kumtafuta. Wapo waliodai kwamba ni Solaire, askari mchangamfu aliyechora jua kifuani, ambaye mchezaji hukutana naye mara kwa mara. Hoja yao ilikuwa kwamba Solaire ni mfuasi wa kundi linalomtukuza mwana huyo, na tena analipenda jua kupita kiasi. Wengine wakasema ni Andre, mhunzi mzee mwenye ndevu nyeupe na kifua kipana, kwa kuwa umbo lake linafanana na sanamu za Gwyn. Kwa miaka mitano watu walishindana kwa hoja, na kila upande uliona upande wa pili umepofuka.

Mwaka 2016 ikatoka sehemu ya tatu, Dark Souls III. Katika kilele cha mlima, mahali pa siri ambapo mchezaji anaweza kupakosa kabisa, alionekana shujaa aliyempanda joka, mwenye kutumia radi. Aliitwa Mfalme Asiye na Jina. Maelezo ya taji lake yalisema linafanana mno na la bwana wa kwanza. Maelezo mengine yalisema zamani alikuwa mwuaji wa majoka, kisha akawa mwandani wao. Mahali hapohapo yalipatikana mavazi ya Ornstein, askari mkuu wa Gwyn, yenye habari kwamba askari huyo aliondoka kwenda kumtafuta mfalme asiye na jina.

Vipande hivi vilipokusanywa, karibu kila mtu alikubali: huyu ndiye kifungua mimba aliyefutwa, na kosa lake lilikuwa kuungana na maadui wa baba yake. Solaire aliachwa abaki Solaire, na mhunzi akaachwa abaki mhunzi.

Hapa pana la kuzingatia. Dhana ya Solaire haikuwa ya wajinga. Ilijengwa na watu makini waliosoma kila mstari. Kosa lao lilikuwa kwamba walimpenda Solaire, wakatamani awe mkubwa kuliko alivyo. Mapenzi yakatangulia, ushahidi ukafuata nyuma kama mtumwa.

Jua la uongo

Mzazi Mwislamu anaposikia kwamba mchezo umejaa viumbe wanaoitwa miungu, hushituka, na ana haki ya kushituka. Lakini ni vyema ajue pia hadithi inavyowachora. Katika mji wa Anor Londo mchezaji hupokewa na binti wa Gwyn, Gwynevere, aliyezungukwa na nuru ya kupendeza, na nje jua linawaka. Mchezaji mdadisi akimpiga mshale mmoja, binti hutoweka, jua huzimika, na mji mzima hubaki gizani. Hakukuwa na binti wala jua. Vyote vilikuwa viinimacho vya ndugu yake Gwyndolin, aliyetaka wapita njia waendelee kuamini kwamba enzi ya baba yake ingali hai.

Wale wanaoitwa miungu katika hekaya hii, basi, ni watawala wanaoogopa, wanaodanganya na wanaozeeka. Kazi kubwa ya mashabiki ni kuwafunua. Hilo haliuhalalishi mchezo kwa kila mtu, wala si kazi ya ukurasa huu kutoa hukumu. Lakini mzazi anayelijua ana mlango wa kuanzishia mazungumzo na mwanawe, badala ya kubaki na hofu ya jina tu.

Yakini, dhana na njozi

Kampuni hiyohiyo ilitoa Elden Ring tarehe 25 Februari 2022, na mwandishi Mmarekani George R. R. Martin akashiriki kuandika habari za kale za dunia yake. Katika mwaka mmoja ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 20. Uwanja wa dhana ukapanuka, nao unatusaidia kutenganisha daraja tatu za maarifa.

Daraja ya kwanza ni yakini. Katika Elden Ring wapo malkia Marika na mumewe Radagon. Ndani ya mji mkuu ipo sanamu ya Radagon. Mchezaji akisoma mbele yake maneno maalumu, sanamu hubadilika ikawa ya Marika, na maandishi hutamka kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Hapo hakuna mjadala. Mchezo umesema wenyewe.

Daraja ya pili ni dhana yenye nguvu. Habari ya Mfalme Asiye na Jina imo humo. Ndani ya mchezo hakuna sentensi inayotamka kwamba yeye ni mwana wa Gwyn, lakini shahidi zinazojitegemea zinaelekea upande mmoja: taji, radi, cheo cha vita, na safari ya Ornstein.

Daraja ya tatu ni dhana changa. Yupo Melina, msichana anayefuatana na mchezaji, mwenye jicho moja lililofumbwa. Katika mojawapo ya miisho ya hadithi analifumbua, na rangi yake ya magharibi inawakumbusha watu malkia mmoja wa zamani anayetajwa kwa jicho la namna hiyo. Je, ndiye yeye? Au ni binti yake? Au rangi imefanana tu? Watu wanabishana hadi leo. Wapo wanaorejea maandishi ya Kijapani, kwa kuwa neno lililofasiriwa kwa Kiingereza pengine limebeba maana ambayo halikuwa nayo katika asili yake.

Chini ya daraja zote hizo kimelala kidani: njozi iliyojengwa juu ya maneno machache ya mtu mmoja.

Msomaji wa ukurasa huu amelelewa katika mila inayotofautisha habari yenye wapokezi wanaojulikana na uvumi usio na mwenyewe. Hatulinganishi elimu tukufu na mchezo, hasha. Tunasema tu kwamba swali analopaswa kuulizwa kijana huyu si geni katika nyumba zetu: habari hii umeipata wapi?

La kufanya nyumbani

Kwanza, umri. Dark Souls na Elden Ring zote zimepewa alama ya miaka 16 barani Ulaya, na Marekani zimewekwa katika kundi la miaka 17 na kuendelea. Zina ukatili, viumbe vya kutisha na hali ya huzuni nzito. Mtoto wa miaka 10 hana shughuli nazo, hata kama rafiki zake wote wanacheza.

Pili, muda. Elden Ring huchukua makumi ya saa kuimaliza, na kusoma dhana zake hakuna mwisho. Sala, usingizi na masomo vipangiwe wakati wake kwanza, na mchezo upate masalio. Mambo yakigeuzwa, kijana ndiye atakayekuwa masalio.

Tatu, na hili ndilo kubwa, keti naye. Mwombe akueleze dhana moja anayoiamini, kisha muulize maswali matatu. Jambo hili limesemwa wapi hasa? Kuna ushahidi mwingine usiotegemea huo wa kwanza? Na ni kitu gani kikionekana kesho utakubali kwamba umekosea? Usimcheke. Ukimcheka atakwenda kuzungumza na wasiomjua.

Akiweza kuyajibu maswali hayo matatu juu ya mfalme wa kubuni, amepata silaha atakayoihitaji mahali pengine. Simu hiyohiyo inayomletea habari za Melina humletea pia habari za dawa zinazotibu kila ugonjwa, za biashara zinazotajirisha kwa wiki moja, na za majirani wanaosingiziwa mambo makubwa. Zote hujengwa kama ilivyojengwa dhana ya kidani: neno dogo, shauku kubwa, na watu wengi wanaorudia jambo lilelile mpaka likaonekana kweli.

Katika habari ya kidani hakuna aliyeumia. Waliopoteza walipoteza saa chache, na wengi walicheka ukweli ulipojulikana. Kosa la namna hiyo likitendwa juu ya jina la mtu halisi, halina mzaha, na mwenye kuathirika hawezi kuurudia mchezo tangu mwanzo. Ni bora kijana ajifunze kuomba ushahidi mahali ambapo kukosea ni rahisi, na mzazi wake awe karibu naye anapojifunza.